Roketi Iliyoinamia Wageni: Uchambuzi wa Kisa cha Kikundi cha Wanafunzi wa Lubumbashi

Kuhusu maelezo haya

Kisa kinachoelezwa hapa kilitokea nje kidogo ya jiji la Lubumbashi, na waliohusika wamekubali kiandikwe kwa sharti kwamba wasitambulike. Kwa hiyo jina la chuo, la mfadhili na la kila mtu limeondolewa, mwaka hautajwi, na vipimo vya roketi vimesogezwa kwenye tarakimu za karibu bila kuharibu uwiano wake. Mchanganyiko wa fueli hauelezwi hata kidogo, kwa kuwa hauhitajiki ili kisa kieleweke na kwa kuwa mtu asiye na msimamizi anaweza kuumia kwa kuujaribu. Mwandishi alikuwa miongoni mwa walioitwa na kitivo kuchunguza tukio hilo. Alisoma daftari za kikundi na kuwasikiliza watu wa kila upande, wakiwamo wenyeji wa pori ambamo roketi iliangukia.

Walengwa ni vijana wa Kongo wanaojenga roketi leo katika karakana za vyuo, pamoja na wale ambao siku moja wataketi mezani kuandika kanuni za shirika la taifa la anga. Makundi haya mawili husomewa mambo tofauti, ilhali yanahitaji somo moja.

Usuli

Katanga, eneo lenye jiji la Lubumbashi, haikuanza kusikia habari za roketi jana. Mwaka 1975 mhandisi Mjerumani Lutz Kayser alianzisha kampuni iliyoitwa OTRAG, ambayo baadaye ilipata kwa mkataba na serikali ya Zaire haki juu ya eneo la takribani kilomita za mraba 100,000 katika jimbo lililoitwa Shaba wakati huo. Kituo chake cha kurushia kilikuwa juu ya bonde la mto Luvua, kaskazini mwa jimbo. Kayser aliamini kwamba roketi ya bei nafuu ingewezekana kwa kufunga pamoja mirija mingi inayofanana, kila mmoja ukiwa na injini yake ndogo, badala ya kubuni injini moja kubwa. Hata vali za mirija hiyo ziliendeshwa na mota za kufutia vioo vya magari. Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977, ya pili tarehe 20 Mei 1978, na ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilishindwa mbele ya macho ya Rais Mobutu. Mwaka 1979, kutokana na mashinikizo ya kisiasa kutoka nje, Umoja wa Kisovieti ukiwa mstari wa mbele, mkataba ulikatizwa, na baadaye kampuni ikahamishia kazi yake Libya. Hakuna shirika la taifa la anga lililozaliwa kutokana na miaka ile.

Takribani miaka thelathini baadaye jaribio lilitoka kwa Wakongo wenyewe. Mhandisi Jean-Patrice Keka na kampuni yake, Développement Tous Azimuts, walirusha kutoka Menkao, karibu na Kinshasa, mfululizo wa roketi zilizoitwa Troposphere. Ile ya nne, mwaka 2008, ilipaa kiasi cha mita 1,500, na ya tano, mwaka 2009, iliyombeba panya, ilipinda na kuanguka. Vijana wa kisa chetu walizijua habari hizi zote mbili. Picha za Troposphere zilibandikwa ukutani mwa chumba walichokutania.

Kikundi kilikuwa na wanafunzi wapatao ishirini wa makanika, umeme na kemia, wakiongozwa na mhandisi kijana aliyekuwa msaidizi wa mwalimu. Walikusudia kujenga roketi ya fueli yabisi yenye uzito wa kilo 9, ifike kilomita tatu juu, ipime joto na shinikizo la hewa njiani, kisha ishuke kwa parachuti. Lengo hilo halikuwa la kupindukia. Lubumbashi ina kitu ambacho miji mingi yenye vyuo haina, yaani karakana za uchongaji vyuma zinazohudumia migodi, na wazee waliozeeka mbele ya mashine za kukerezea. Mmoja wa wazee hao, mstaafu wa kampuni ya madini ambaye kikundi kizima kilimwita Papa, alichonga nozeli yao ya kwanza, yaani mdomo wa injini unaotoa gesi, bila malipo, akaichomekea kipande cha grafiti katikati ili moto usiilambe.

Mfuatano wa matukio

*Majaribio mawili ya ardhini.* Kabla ya kufikiria kuruka, kikundi kilijenga jukwaa la kupimia injini. Injini ilisimamishwa kichwa chini, nozeli ikitazama juu, ili msukumo wote ushukie kwenye kipimio cha uzito kilichozikwa ndani ya saruji. Kompyuta ya kunakili vipimo ilitumia betri ya gari, maana umeme wa mtaa ungeweza kukatika sekunde ileile inayohitajika. Na watazamaji walikaa nyuma ya ukuta wa mifuko iliyojazwa udongo mwekundu. Jaribio la kwanza lilitoa msukumo mdogo kuliko uliokokotolewa, kwa sababu gesi ilivuja kwenye kiungio cha chini. Lilikuwa jaribio zuri sana, kwa kuwa liliacha mchoro wa msukumo na sababu inayojulikana.

Jaribio la pili lilipasua injini kabla ya sekunde moja kutimia. Kifuniko cha chuma kilipatikana katika shamba la mihogo, mbali na jukwaa, na hakuna aliyeguswa, kwa sababu ukuta wa mifuko ulifanya kazi iliyoujengesha. Baada ya siku chache mwanafunzi wa kemia aliyetunza daftari alifungua picha zilizopigwa jioni ya kabla ya jaribio, akaonyesha mstari mwembamba kama unywele ndani ya tundu la kinoo cha fueli, yaani bonge la fueli yabisi lililomo ndani ya injini. Ulikuwa ufa. Fueli yabisi huungua juu ya uso wake tu. Ufa unapoingia, uso unaongezeka ghafla, gesi inazidi uwezo wa nozeli kuitoa, na shinikizo linapanda mpaka chuma kinaachia. Jambo lililoniumiza niliposoma daftari ni kwamba ufa huo ulikwisha kuonekana. Kando ya tarehe ya jioni ile, kwa wino wa buluu, binti huyo alikuwa ameandika: «Kuna mstari upande wa chini, tuulize.» Ukurasa haukuwa na mahali pa kuandikia jibu, wala hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kujibu.

*Barua ya mfadhili.* Katika majuma yaleyale mfanyabiashara mmoja aliyekuwa amelipia chuma na vifaa vya elektroniki aliandika kwamba angelipia awamu inayofuata ikiwa roketi ingerushwa katika sherehe aliyokwisha kuipangia tarehe, mwishoni mwa kiangazi, mbele ya wageni wa serikali. Tarehe hiyo haikuacha nafasi ya kujenga upya injini na kuipima ardhini zaidi ya mara moja, nayo mara hiyo moja ilihitaji fedha ambazo zingetoka baada ya sherehe.

*Siku yenyewe.* Wageni walitarajiwa saa tatu asubuhi, wakawasili baada ya saa sita. Muda wote huo roketi ilisimama kwenye reli yake ya kurushia, juani, kompyuta yake ikiwa imewashwa, kwa sababu swichi ilikuwa ndani ya mwili na kuifikia kulihitaji kuifungua pua yote. Hotuba zilipokwisha, upepo wa kusini-mashariki, ule wa vumbi unaojulikana na kila mkazi wa Lubumbashi mwezi wa tisa, ulikuwa umeshapata nguvu. Mahema ya wageni yalikuwa yamefungwa upande unakotoka upepo, ili moshi usiwaudhi.

Injini iliwaka vizuri. Roketi iliondoka kwenye reli polepole kuliko ilivyotazamiwa, ikainama kuelekea upepo, yaani kuelekea wageni, ikapita juu ya mahema ikiwa bado inaungua na kuendelea mbele. Parachuti haikutoka. Iliangukia porini, nyuma ya vichuguu, katika majani makavu ya kiangazi, na baada ya dakika chache moshi ulionekana kutoka barabarani. Moto ulikula kipande kikubwa cha pori na tanuru mbili za makala, yaani mkaa, za familia moja. Hakuna aliyejeruhiwa. Polisi waliwachukua kiongozi wa kikundi na mwanafunzi mmoja, wakalala kituoni.

Maamuzi na sababu zake

Haifai kuyasoma maamuzi ya kikundi kana kwamba yalifanywa na watu wazembe. Kila moja lilikuwa na sababu yake, na nyingi zilikuwa sababu za kiusalama.

Uamuzi mzito zaidi ulikuwa kuruka bila kuijaribu injini mpya ardhini. Kikundi kilijadili suala hilo jioni nzima. Waliounga mkono walisema hitilafu ya jaribio la pili imekwisha kujulikana, basi inatosha kutumia bomba lenye ukuta mnene zaidi, lililopatikana katika akiba ya mabomba ya mgodi, na kupunguza uso wa fueli unaoungua ili shinikizo lisipande. Papa alipinga. Hakudai jaribio la moto. Aliomba bomba lijazwe maji na kukandamizwa kwa pampu ya mkono mpaka shinikizo lizidi lile la injini, kazi ya asubuhi moja ambayo haina hatari, kwa kuwa maji hayalipuki kama gesi. Pampu hiyo ilikuwepo kwenye karakana moja mjini, ila ilibidi ikodiwe. Mazungumzo yao yamo katika kumbukumbu za kikao:

«Papa, wageni wamekwisha kualikwa.»

«Wageni wanaweza kurudi siku ingine, mwanangu. Hii bomba mimi sijaiona ikibeba kitu.»

Kura zikapigwa, Papa akashindwa. Alikuwa mgeni mwalikwa katika kikao; sauti yake ilisikilizwa kwa heshima zote, lakini katika kuhesabu haikuwa na uzito.

Uamuzi wa pili ulihusu vibali. Kikundi kilipeleka barua kwenye ofisi ya meya na polisi, kikapata mihuri, kikaamini kwamba kimemaliza. Mamlaka ya usafiri wa anga haikuandikiwa, kwa dhana kwamba kilomita tatu ni kimo kidogo. Ndege inayojiandaa kutua Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, hushuka chini ya kimo hicho. Chifu wa kijiji cha jirani naye hakuambiwa siku, aliambiwa tu kwamba «vijana wa chuo watafanya kazi».

Uamuzi wa tatu, wa kuyaweka mahema upande wa upepo, haukujadiliwa kabisa. Aliyepanga viti alikuwa mtu wa itifaki, naye alifuata adabu ya kawaida ya kutomwekea mgeni moshi usoni.

Matokeo

Chuo kilisimamisha shughuli zote za kikundi, na mfadhili akajiondoa. Wanafunzi wanane hawakurudi tena. Waliobaki walifanya jambo ambalo naliona kuwa mwanzo wa kweli wa kazi yao: walikwenda kwa familia ya wachoma makala, wakakaa, wakahesabu magunia yaliyoungua pamoja na mwenye tanuru, wakayalipa kidogo kidogo kwa michango. Mama wa familia ile aliwaambia maneno ambayo mmoja wao aliyanakili katika ukurasa wa kwanza wa daftari mpya: «Batoto yangu, mungetuambia, tungetoka kwa siku moja.»

Baada ya uchunguzi kitivo kiliruhusu kazi iendelee kwa masharti. Injini ilipunguzwa ukubwa. Kila muundo mpya ulipimwa kwa maji kwanza, kisha kwa moto mara tatu mfululizo bila mabadiliko kati ya jaribio na jaribio. Swichi ilihamishiwa nje ya mwili wa roketi, ikafungwa utepe mwekundu wa kuvutwa dakika za mwisho. Muda wa kurusha ulihamishwa kutoka mwezi wa tisa hadi wa nne, mvua zikielekea kuisha na majani yakiwa bado mabichi, na saa ya kurusha ikawa alfajiri kabla upepo haujaamka. Mamlaka ya anga iliandikiwa, ikauliza maswali mengi, hatimaye ikatoa dirisha la saa mbili na kuwatangazia marubani. Roketi ndogo ilipaa mita mia kadhaa, parachuti ikafunguka, na kadi yenye vipimo vya joto na shinikizo ikapatikana nzima. Hapakuwa na wageni wala kamera za televisheni. Alikuwapo chifu, ameketi mahali alipoonyeshwa, na vijana wa kijiji wenye matawi mabichi na ndoo za maji.

Uchambuzi

*Roketi iliinama kwa sababu ilikuwa salama upande mmoja tu.* Hapa ndipo kisa kinapofundisha zaidi, nami nitakaa hapo. Bomba nene liliongeza uzito wa roketi kutoka kilo 9 hadi kilo 14. Kupunguza uso wa fueli kulishusha msukumo kutoka nyutoni 650 hadi 480. Mabadiliko yote mawili yalifanywa ili injini isipasuke, na haikupasuka. Lakini roketi isiyo na usukani hutegemea mapezi yake, na mapezi hayana nguvu mpaka hewa ipite juu yake kwa kasi ya kutosha; kabla ya hapo kinachoinyoosha ni reli peke yake. Kwa reli ya mita tatu, roketi ya awali ingeondoka kwa kasi ya mita 19 hivi kwa sekunde. Ile iliyorushwa iliondoka kwa mita 12. Warushaji wengi hutaka angalau mita 15 hivi hata upepo ukiwa wa wastani, na mchana ule upepo ulikuwa unakaribia mita 6 kwa sekunde. Hesabu ya pembe inaonyesha kwamba hewa iliipiga roketi kwa mwelekeo wa nyuzi 26 kutoka pua yake badala ya nyuzi 17, na roketi yenye mapezi mkiani hugeuza pua kuelekea upepo kama jogoo wa bati anayeonyesha upepo juu ya paa. Iliinama mahali ambapo fizikia ilisema itainama. Mahema yalikuwa hapohapo.

Hesabu hizi zinaingia katika nusu ukurasa. Aliyebadilisha bomba alizijua. Aliyepunguza fueli alizijua. Hakuna aliyerudia kuzifanya baada ya mabadiliko yote mawili kukutana, kwa sababu kila mmoja alikuwa amemaliza sehemu yake vizuri. Kazi ya kukusanya sehemu zote na kuzihesabu upya kila moja inapoguswa haikuwa ya mtu yeyote. Katika mashirika makubwa ya anga hiyo ni ajira kamili, yenye ofisi yake, na si bure: roketi haina sehemu inayobadilika peke yake.

*Kuchelewa kwa wageni kulizima parachuti.* Betri ya kompyuta ilikuwa na chaji ya kutosha safari nyingi, haikuwa na chaji ya kutosha hotuba nyingi. Ilipofika wakati wa kuamuru parachuti itoke, mkondo ulikuwa dhaifu kuliko unaohitajiwa na kiwashio chake. Wengine walitaka tuandike kwamba chanzo ni wageni kuchelewa, nami nilikataa. Wageni wa heshima huchelewa, kila Mlushwa, yaani mkazi wa Lubumbashi, anajua, na roketi inayorushwa mbele yao lazima ibuniwe kwa kusubiri. Hapakuwa na kikomo kilichoandikwa cha muda wa kusubiri, baada yake roketi izimwe na kuteremshwa. Hata kingeandikwa, kuizima kulihitaji kufungua pua mbele ya umati, jambo ambalo hakuna kijana angethubutu kulifanya wakati mkubwa ameshika kipaza sauti. Mahali pa swichi paliamua mambo mengi.

*Neno la mwisho lilikuwa la nani?* Papa alikuwa na ujuzi bila mamlaka. Binti wa daftari alikuwa na jicho bila mamlaka. Kiongozi alikuwa na mamlaka, na wakati huohuo alikuwa ndiye aliyemwahidi mfadhili. Tatizo hili haliondoki kwa fedha wala kwa elimu kubwa. Tarehe 10 Agosti 1979, India ilipokuwa ikirusha SLV-3, roketi yake ya kwanza ya kupeleka setilaiti, kompyuta ya kituo ilisimamisha hesabu ya kurushia. A.P.J. Abdul Kalam, aliyeongoza mradi, alisimulia mara nyingi baadaye jinsi alivyoamua kuipuuza kompyuta baada ya wataalamu kumhakikishia, na roketi ikaishia katika Ghuba ya Bengal. Mwenyekiti wa shirika la anga la India, Satish Dhawan, ndiye aliyewakabili wanahabari na kulibeba kosa. Tarehe 18 Julai 1980 SLV-3 ilifaulu. Watu wanapenda kuisimulia habari hii kama kisa cha kiongozi mwema, na Dhawan alikuwa hivyo. Mimi naiona zaidi kama ushahidi kwamba mpaka wakati ule India ilikuwa na mahali pa kubebea kosa. Ilikuwa imerusha roketi ya kwanza ya utafiti kutoka kijiji cha wavuvi cha Thumba tarehe 21 Novemba 1963, ikaunda shirika lake mwaka 1969, na kwa miaka hiyo yote ikafundisha watu ambao kushindwa kwa roketi moja hakungewatawanya. Kikundi chetu kilipoteza wanane ndani ya juma moja.

*Kilichofaulu kisisahauliwe.* Ukuta wa mifuko uliokoa watu katika jaribio la pili. Siku ya kurusha, ufunguo wa kiwashio ulikaa shingoni mwa mtu mmoja, na katika yale masaa ya kusubiri, watoto na wapiga picha walipoisogelea reli mara kwa mara, nyaya hazikuwa na umeme wowote. Atakayeona hilo ni jambo dogo akumbuke Alcântara, Brazili, tarehe 22 Agosti 2003, ambako injini moja ya roketi ya VLS iliwaka bila kuamriwa siku chache kabla ya kurushwa, na wafanyakazi 21 wakafa kwenye mnara wakiihudumia. Ufunguo ule ulikuwa wazo la mwanafunzi wa umeme wa mwaka wa pili, ambaye aliwahi kufanya kazi ya likizo mgodini na kuona jinsi swichi za mashine zinavyofungwa kwa kufuli wakati fundi yuko ndani. Mgodi ulikuwa umemfundisha kanuni ya anga. Daftari nayo ilifaulu: pasipo mstari ule wa wino wa buluu, tungeandika kwamba injini ya pili ilipasuka kwa sababu isiyojulikana, na kila mtu angechagua sababu inayompendeza.

*Kuhusu tarehe na sherehe.* Waliosoma habari za roketi ya OTRAG iliyoshindwa mbele ya Mobutu Juni 1978 watakuwa wameona ufanano. Si kwamba kuwapo kwa mkubwa huangusha roketi. Mkubwa akishaalikwa, kuahirisha kunakuwa aibu, na programu inayoona aibu kuahirisha imepoteza chombo chake muhimu cha usalama. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini kilirusha roketi yake ya kwanza ya mfululizo wa Phoenix mwaka 2014, ikafika takribani kilomita 2.5 tu, chini sana ya lengo. Walirudi kwenye nozeli na jukwaa la majaribio, wakarusha tena, wakashindwa tena, na tarehe 8 Machi 2021, katika uwanja wa Overberg, roketi yao ikapanda kilomita 17.9. Ilikuwa miaka saba ya kazi ya wanafunzi waliokuwa wakihitimu na kuondoka, wakikabidhiana daftari. Afrika inaliweza jambo hili, na inaliweza ndani ya vyuo.

*Kuhusu vibali na shirika la taifa.* Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unazibebesha nchi wajibu wa shughuli za anga zinazofanywa na watu wake binafsi, na roketi ya wanafunzi isiyovuka hata mawingu haifikii huko. Hata hivyo, mazoea huanzia chini. Afisa wa usafiri wa anga aliyeshughulikia ombi la pili alituambia kwamba hakuwa na fomu ya roketi, akatumia ile ya puto za hali ya hewa na kuongeza maswali yake kwa mkono: itaanguka wapi ikienda vibaya, nani atazima moto, nani atalipa. Nilizisoma karatasi zile kwa furaha kubwa. Kanuni za nchi kuhusu urushaji zinaweza kuanza na maswali matatu ya afisa mmoja mwangalifu, mradi yahifadhiwe na aliyemrithi ayakute.

Hadi tunapoandika, kikundi kina msimamizi wa usalama asiyeshiriki katika ubunifu wa roketi, mwenye haki ya kusitisha bila kupigiwa kura, na naibu anayefundishwa kuchukua nafasi hiyo msimamizi atakapohitimu. Daftari zina safu ya pili, ya majibu, na jaribio halifanyiki ikiwa kuna swali ambalo safu yake iko wazi. Papa ana kura. Bado hakuna bima itakayomlipa mchoma makala bila wanafunzi kuchanga, na pampu ya majaribio ya maji bado inakodiwa. Maombi ya vyote viwili yako mezani kwa mkuu wa kitivo.